Ada ya Siku Ambazo Mtoto Hakufika: Tathmini ya Kituo cha Malezi Tulichokitumia kwa Miezi 14

Mwanangu alianza kupelekwa katika kituo cha kulelea watoto akiwa na umri wa mwaka mmoja na miezi miwili, na kwa miezi 14 aliyokaa huko sijawahi kumchukua jioni akiwa na njaa, na nepi iliyolowa, au sauti iliyomkauka kwa kulia. Walezi wanajua kwamba hapati usingizi mpaka ashike pindo la blanketi lake, na juu ya malezi yenyewe sina lawama. Ninachokitathmini hapa ni kifungu ambacho wazazi wengi hukipitia harakaharaka siku ya kusaini mkataba, kisha hukikumbuka ankara inapofika: ada ya siku ambazo mtoto hakuja.

Kifungu chenyewe ni kifupi. Ada hulipwa kabla mwezi haujaanza, na haipunguzwi kwa sababu ya ugonjwa, safari wala dharura ya kifamilia, isipokuwa kwamba mzazi anayetoa taarifa ya maandishi wiki mbili kabla ya likizo hulipa nusu ada kwa siku zisizozidi kumi kwa mwaka. Siku za kufidia hazipo. Mtoto aliyekosa Jumatatu haletwi siku nyingine badala yake.

Ankara iliyonikera ilikuja mwezi wa tano. Nilipigiwa simu saa tatu asubuhi nikaambiwa mtoto ana vipele vyenye maji tumboni, na daktari akathibitisha kuwa ni tetekuwanga. Kanuni ya kituo, ambayo vituo vingi huifuata, ni kwamba mtoto akae nyumbani mpaka malengelenge yote yakauke na kufanya magamba, jambo ambalo kwa kawaida huchukua takriban siku tano tangu upele utokee, ingawa sisi tulikaa siku saba kwa kuwa mawili matatu ya mgongoni yalikawia. Sasa, tetekuwanga hujitokeza kati ya siku 10 na 21 baada ya maambukizi, na wiki mbili kabla ya hapo watoto wawili wa chumba chake walikuwa wamerudishwa kwao kwa ugonjwa huohuo. Kwa maneno mengine, nililipia siku saba za kutokuwepo kwa sababu ya maradhi ambayo yaelekea aliyapata palepale. Nilimwendea msimamizi nikiwa na ankara mkononi.

“Mwalimu,” nilimwambia, “naomba unieleze, hizi siku saba nimelipia nini?”

Hakukasirika. Alinipeleka hadi mlangoni mwa chumba, akanionyesha mkoba mdogo wa nguo za akiba uliokuwa ukining'inia kwenye msumari wenye picha ya kobe, na godoro lililokunjwa chini yake. “Hapa hatukumweka mtu, mama,” alisema. “Na walezi walikuwa watatu kama siku zote.”

Nilirudi nyumbani nikapiga hesabu, nikaona ana hoja. Chumba kina watoto 12, na kila mlezi huangalia wanne. Wakikosekana wawili, wanabaki 10, ambao bado wanahitaji walezi watatu. Hata wakikosekana wanne, yule mlezi wa tatu ameshafika tangu saa moja asubuhi, na mshahara wake uko palepale, sawa na kodi ya jengo. Kinachookolewa ni sahani chache za chakula. Zaidi ya hayo, watoto wadogo waliokusanyika pamoja hushikwa na mafua mara nyingi mno, pengine mara nane au zaidi kwa mwaka, na kituo ambacho kingekata ada kwa kila kikohozi kisingejua mwezi ujao kitamlipa nani. Kituo kingine tulichokitembelea hutoza siku za mahudhurio tu, lakini ada yake ya siku ni kubwa zaidi na hakimhakikishii mtoto nafasi; huenda kikamfaa mzazi anayefanya kazi kwa zamu.

Hata hivyo, utaratibu huu una kasoro ambayo msimamizi hapendi kuizungumzia. Mzazi aliyekwisha kulipia siku, na ambaye kazini hana ruhusa ya ziada, hushawishika kumpa mtoto dawa ya kushusha homa alfajiri, kumvika nguo safi na kumkabidhi mlangoni akiwa na uso mchangamfu. Dawa hiyo hufanya kazi kwa saa nne hadi sita hivi, kwa hiyo kabla ya adhuhuri homa imerudi, simu inaita, na watoto wengine wameshashirikiana naye vikombe na midoli. Nimewahi kuyaona hayo, na nikiri kwamba siku moja nilikaribia kuyafanya mwenyewe. Kanuni ya kumzuia mtoto kwa saa 48 baada ya kutapika au kuhara mara ya mwisho ni nzuri, ila ndiyo inayovunjwa zaidi, maana siku ya pili mtoto huwa anarukaruka na mzazi haoni kwa nini apoteze pesa. Punguzo dogo kwa ugonjwa unaozidi siku tano, likiambatana na cheti cha daktari, lisingekifilisi kituo, na lingewafanya wazazi waseme ukweli.

Jambo ambalo sikulikubali kabisa ni siku mbili ambazo kituo chenyewe kilifungwa kwa sababu ya bomba la maji lililopasuka. Hapo hoja ya nafasi haisimami, kwa kuwa nafasi yenyewe haikuwepo, na bado tulitozwa ada kamili. Wazazi watatu tuliandika barua. Baada ya wiki mbili tukarudishiwa, bila maelezo.

Kwa mzazi mwenye kazi ya saa zisizobadilika, ningekipendekeza kituo hiki, mradi asome kifungu cha ada kabla ya kusaini na aulize waziwazi kuhusu siku za kufungwa. Mkataba ulipofika wakati wa kuhuishwa niliomba mambo mawili. La kufungwa kwa kituo msimamizi aliliongeza kwa kalamu pembeni mwa ukurasa, kwamba siku hizo zitakatwa katika ada ya mwezi unaofuata, akatia saini. La ugonjwa alilikataa, akasema atalipeleka kwenye kikao cha wazazi. Nilisaini hivyohivyo.