Taa za ziada kwenye pikipiki yangu: miezi minane katika barabara za Pemba

Mimi nakaa Mkoani, kusini mwa Pemba, mama yangu yuko Konde, kaskazini. Kila Alkhamisi nikitoka kazini nafunga mkoba nyuma ya Honda yangu ya cc 250 na kukikata karibu kisiwa chote hadi kwake. Kwenye ramani Pemba ina urefu wa kilomita 67 hivi, lakini anayeijua njia anavijua vilima vyake na kona zake: unapanda, unashuka, unakunja chini ya miembe, na papo hapo mbele yako kuna gari la ng'ombe halina hata alama ya kung'aa nyuma. Magharibi ikinikuta Chake Chake, katikati ya kisiwa, safari yote iliyobaki ni kiza. Taa ya pikipiki ilinionesha lami. Pembeni, wanakopita watoto waliotoka chuoni na wazee waliotoka msikitini, nilikuwa sioni kitu. Msimu wa karafuu ndio hatari zaidi, maana watu wanazoa karafuu zao kwenye majamvi ukingoni mwa barabara mpaka usiku unaingia.

Ndiyo nikaagiza jozi ya taa za LED kutoka Dar es Salaam. Zilinigharimu shilingi 95,000 pamoja na nauli ya boti: taa mbili, vishikio vyake, swichi na waya zilizokwisha kuunganishwa. Nikazifunga mwenyewe barazani, siku mbili.

Taa zenyewe nazisifu. Mwanga wake ni mpana, mweupe, na unaanza karibu na tairi la mbele kabisa. Sanduku limeandikwa wati 120. Nilipopima kwa mita, kila taa ilivuta ampea 1.6, na injini ikizunguka umeme ulikuwa volti 13.8, yaani wati 22 kwa taa moja, 44 kwa zote mbili. Sikusikitika. Pikipiki ndogo haina umeme wa kugawa ovyo, na zingekuwa wati 120 kweli betri yangu isingefika Konde. Lakini mnunuzi aambiwe ukweli.

Waya zilizokuja nazo ndizo zilizonikera. Ni nyembamba mno, halafu wameziwekea fyuzi ya ampea 15. Fyuzi inawekwa ili iilinde waya. Waya ule ungeyeyuka ganda zamani kabla ya fyuzi hiyo kukatika, na unapita chini ya tangi la petroli! Nilizitupa zote. Nikanunua waya wa milimita za mraba 1.5 kwenye duka la vifaa vya umeme pale Chake, fyuzi ya ampea 5, na rilei ya gari ya miguu minne, yaani swichi inayowashwa na umeme mdogo ili ipitishe umeme mkubwa.

Rilei inawatisha wengi bure. Mguu namba 30 unatoka kwenye betri, na fyuzi ikae karibu na betri, isizidi shubiri moja. Namba 87 unakwenda kwenye taa. Namba 85 ni negativu. Namba 86 unatoka kwenye swichi, na swichi nimeilisha kutoka waya wa taa ya nyuma, kwa hiyo nikizima ufunguo taa zinazimika hata nikisahau. Swichi inabeba umeme kidogo tu wa kuiamsha rilei. Mzigo wote unapita kwenye waya mnene. Viungo nilivichoma risasi nikavivalisha mpira unaobana kwa moto. Kabla hujarudisha tangi, zungusha usukani kulia mpaka mwisho, na kushoto mpaka mwisho, uone waya hauvutwi wala haubanwi shingoni.

Kosa langu kubwa lilikuwa mahali pa kuzifunga. Nilizipachika juu, kwenye usukani, nikazielekeza mbali. Nilijiona nimemaliza kazi. Wiki ya pili, kwenye kona moja kabla ya Konde, mzee mmoja akija na baiskeli yenye mzigo wa majani alishuka ghafla akaingia mchangani. Nilisimama. Akaniambia kwa upole, "Mwanangu, taa yako yaniua macho. Sioni hata mguu wangu." Nikamwomba radhi, nikamshikia baiskeli mpaka akakaa sawa. Iliniuma, kwa sababu nilizinunua ili nisimgonge mtu kama yeye.

Jumamosi yake nilizishusha kwenye bampa, chini ya usawa wa taa kubwa, na chini ya kila kishikio nikaweka kipande cha mpira wa tyubu usichubue rangi na upunguze mtikisiko. Baada ya isha nikaisimamisha pikipiki hatua kumi kutoka ukuta wa nyumba. Mimi nimekaa juu yake na mkoba umefungwa, maana uzito unashusha nyuma na kuinua mwanga. Mpwa wangu akachora mstari wa chaki kwa urefu wa taa, nami nikazilaza mpaka kiini cha mwanga kikawa chini ya mstari. Tena nikazigeuza kidogo nje, kila moja upande wake. Sasa naona majani ya pembeni, naona miguu ya watu. Na gari au baiskeli ikija mbele yangu nazizima; ndiyo maana swichi iko karibu na kidole gumba cha kushoto.

Katika mvua kubwa mwanga huu mweupe unarudi machoni kama pazia. Nimezivalisha vifuniko vya njano na macho yangu yanapumzika zaidi, ijapokuwa mwanga unapungua.

Kuhusu maji, wameandika IP67, ambayo maana yake vumbi lisiingie kabisa na taa istahimili kuzamishwa mita moja kwa nusu saa. Masika yalipoanza taa ya kushoto ilifunga ukungu ndani ya kioo. Muuzaji nilimwandikia mara mbili, hakujibu. Niliifungua, nikaianika juani siku nzima, nikaziba ukingo kwa silikoni. Ya kulia haijaingia hata tone. Bolti nazo zilikuwa na kutu ndani ya miezi mitatu, kwa chumvi hii ya Mkoani. Nimezibadilisha kwa za chuma kisichoshika kutu, na washa (pete za chuma) za springi, kwa sababu mbili zilikwisha kulegea.

Ningezinunua tena? Taa, ndiyo. Waya zao nisingezigusa. Anayetaka kufunga atenge shilingi 30,000 nyingine za rilei, waya na bolti kabla hajaagiza, na mtu wa kumshikia chaki.