Sanamu mbili za Oscar Han: mshairi wa Constanța au mwanasiasa wa Bucharest?

Mchongaji Oscar Han (1891–1976) ameiachia Romania sanamu nyingi zilizosimama mahali pa wazi. Mbili zinafaa kuwekwa bega kwa bega: ya mshairi Mihai Eminescu mjini Constanța, na ya mwanasiasa Mihail Kogălniceanu mjini Bucharest.

Ya Eminescu ilizinduliwa mwaka 1934, karibu na mnara wa taa uitwao wa Genoa, ufukweni mwa Bahari Nyeusi. Mahali penyewe ni nusu ya kazi. Katika shairi lake maarufu, Eminescu aliomba aachwe afe kando ya bahari, jioni, kimya kimya. Alifariki Bucharest mwaka 1889, akiwa na miaka 39, mbali na maji hayo. Han amempa kwa shaba kile alichonyimwa. Si umbo zima, ni kichwa na mabega tu juu ya nguzo. Upepo na mawimbi vinamalizia yaliyobaki.

Kogălniceanu, katika sanamu ya mwaka 1936, amesimama mzima katika uwanja wenye jina lake, magari yakimzunguka. Inamfaa: ndiye waziri wa mambo ya nje aliyetangaza uhuru wa Romania bungeni mwezi Mei 1877, na kabla ya hapo, akiwa waziri mkuu, alisukuma sheria ya ardhi ya 1864 iliyowapa wakulima mashamba.

Mimi nachagua ya Constanța. Ya Bucharest ni kazi safi, lakini unaweza kuihamishia uwanja mwingine isipungukiwe kitu. Mwondoe Eminescu pale baharini uone.