Wiski ya Kimea ya Scotland: Chupa za Kununua na Kasoro Isiyotajwa Dukani

Wasomaji kadhaa wameniandikia malalamiko yanayofanana: wamenunua wiski ya kimea ya Scotland kwa bei ya kuumiza, kisha wakakuta kinywaji chepesi, kisichoacha chochote kinywani. Sizungumzii umri wala ladha ya moshi, kwa kuwa wauzaji huyaeleza hayo bila kuulizwa. Jambo wasilolisema ni kuchujwa kwa baridi.

Wiski ya nguvu ndogo inapowekewa barafu au maji baridi, mafuta yaliyomo huganda na kuifanya iwe na ukungu. Ukungu huo hauna madhara yoyote, lakini viwanda vingi, kwa kuhofia mnunuzi atadhani imeharibika, huipoza hadi karibu nyuzi 0 na kuipitisha kwenye vichujio, na mafuta yale yale yanayoipa uzito ulimini huondoka. Kanuni za Uingereza za mwaka 2009 zinataka wiski ikae angalau miaka 3 kwenye mapipa ya mwaloni na isipungue asilimia 40 za alkoholi, lakini hazimlazimishi mtengenezaji kutamka kwamba ameichuja. Basi tafuteni kwenye lebo asilimia 46 au zaidi, pamoja na maneno yanayosema waziwazi kwamba haikuchujwa kwa baridi. Rangi nzito msiiamini, kwa sababu kuitia rangi ya karameli, yaani sukari iliyounguzwa, kunaruhusiwa.

Ninayoipenda kuliko zote, na sifichi, ni Springbank ya miaka 10, kutoka mji wa Campbeltown, Scotland. Kiwanda hicho cha mwaka 1828 huotesha shayiri yake yote chenyewe: wafanyakazi huitandaza sakafuni na kuigeuza kwa sepetu, kisha huikausha kwa moshi wa piti, yaani udongo wa mimea iliyooza unaochomwa kama kuni, na hewa ya moto. Sehemu ya kioevu hukenekwa mara 2 na sehemu mara 3, ndiyo maana husemwa kwamba hukenekwa mara mbili na nusu. Haichujwi kwa baridi wala haitiwi rangi, na ulimi unalitambua hilo tangu funda la kwanza, kwa chumvi na mafuta yanayokaa muda mrefu.

Ya pili ni Ardbeg ya miaka 10, ya kisiwa cha Islay, yenye asilimia 46. Mtungi wake wa mwisho wa kukenekea una bomba linalorudisha mvuke mzito ukakenekwe tena, hivyo moshi wake mkali una utamu wa matunda ndani yake.

Ya tatu ni Deanston ya miaka 12, asilimia 46.3, inayotengenezwa katika kilichokuwa kiwanda cha pamba kando ya mto Teith, ambao maji yake huendesha mitambo ya umeme ya kiwanda. Kiwanda cha Glenfarclas, ambao bado huchemsha mitungi yao kwa moto wa moja kwa moja, nawaweka nafasi ya nne. Chukueni ya miaka 15 yenye asilimia 46, muiache ya miaka 10 yenye 40.

Wiski za bei nafuu zilizochanganywa zinafaa kutiwa soda.

Linaloniudhi ni wauzaji. Springbank hutengenezwa kwa kiasi kidogo, nao huificha nyuma ya kaunta, huongeza bei maradufu na kumshurutisha mteja anunue kwanza chupa nyingine asizozitaka. Mkikutana na muuzaji wa namna hiyo, msibishane naye. Chukueni Deanston kwa muuzaji mwingine.