Kipimo cha siki kwa mlango wa kizazi: huduma nzuri, ila saa iheshimiwe
Kwenye vituo vya afya kipimo hiki cha kutafuta dalili za awali za saratani ya mlango wa kizazi ni cha haraka, na majibu unaondoka nayo. Muuguzi anapaka asidi ya asetiki ya asilimia 3 hadi 5, kisha anasubiri dakika nzima. Hapo ndipo panapoharibika: akiangalia baada ya sekunde 20, weupe unaoonyesha sehemu yenye mabadiliko haujajitokeza. Taa hafifu nayo huficha doa hilo jeupe. Penye kifaa cha kugandisha au kuchoma, doa lisiloingia ndani ya mfereji wa mlango wa kizazi hutibiwa siku hiyohiyo, na hilo ndilo tunalolipenda zaidi. Aliyekoma hedhi asikitegemee. Aulizie kipimo cha HPV, virusi vinavyosababisha saratani hiyo. WHO inakipendekeza kuanzia miaka 30, kila baada ya miaka 5 hadi 10. Kwa wanaoishi na VVU, kuanzia 25, kila baada ya 3 hadi 5.