Walingoja kijana wangu akojoe: picha ya MCU, Upper Hill

Nimekaa na hii maneno karibu wiki mbili nikisema nitaandika, leo wacha niandike ju najua kuna mama mahali hapa Nairobi ameshikilia karatasi ya daktari imeandikwa MCU, ile eksirei ya kibofu na njia ya mkojo, na hajui aende wapi wala wanaenda kumfanyia mtoto nini. Huyo mama nilikuwa mimi.

Kijana wangu ana miaka 3. Tangu mwaka jana ni UTI, maambukizi ya njia ya mkojo, tunatibu inaisha, mwezi mbili imerudi, joto saa nane usiku, kubeba mtoto kwa shuka kutafuta teksi Umoja. Daktari wetu wa watoto alisema wasichana hupata sana hiyo shida lakini kijana wa umri huu ikimrudia rudia lazima mtu atafute chanzo. Na kulikuwa na kitu kingine hata sikuwa nimewahi kutaja kwa hospitali ju nilidhani ni tabia tu, vile alikuwa anakojoa. Anasimama, anasukuma mpaka tumbo inakuwa ngumu, halafu inatoka tone tone kama mfereji wa ploti siku kaunti imefunga maji. Shosho yake aliniambia vijana wengine ndio huwa hivyo. Mamangu nampenda lakini kwa hii hakuwa sawa, na kama wako anakojoa hivyo tafadhali usingoje kama mimi, sema leo.

Ultrasaundi ikaonyesha figo ya kushoto imefura kidogo na ukuta wa kibofu ni mnene. Hapo ndipo tukaandikiwa MCU.

Kwa wenye hamjui, hii ni eksirei lakini si ile ya kusimama mbele ya mashine unashikilia pumzi. Wanapitisha katheta nyembamba sana mahali mkojo unatokea, wanajaza kibofu na dawa iko na ayodini, na ayodini inazuia miale ndio maana kibofu kinaonekana kwa skrini, bila hiyo dawa eksirei haioni mkojo kabisa. Wanaangalia kama dawa inapanda kurudi kwa figo wakati kibofu kinajaa. Halafu, na hii ndio sehemu nataka mshike, wanaangalia mtoto AKIKOJOA. Jina lenyewe linasema hivyo, hiyo V ukiona wengine wanaandika VCUG ni ya kukojoa.

Sasa hapa kwa hiki kituo cha picha cha Upper Hill tulikuja kufanya MCU ya pili. Ya kwanza tulifanyia mahali pengine, sitakitaja, bei ilikuwa elfu 7 nikaona nimeokoa pesa. Dawa walisukuma na sirinji, kijana akapiga nduru, picha mbili tatu, wakatoa katheta wakaniambia mama mpeleke choo kule nje akimaliza mrudi. Akaenda akajikojolea kwa korido, tukarudi, wakapiga moja ya mwisho kibofu kikiwa kimepungua. Ripoti ikasema kila kitu ni sawa. Nilifurahi aki, nilipigia baba yake simu nikiwa kwa stage nikilia.

Daktari aliweka hizo picha dirishani, akaziangalia, akaniuliza iko wapi ya akikojoa. Nikamwambia alikojolea nje. Akanyamaza kidogo halafu akanieleza pole pole bila kunilaumu, kwamba kwa mtoto wa kiume hiyo picha ya mkojo ukipita njiani ndio karibu mtihani wote, ju kuna vijana huzaliwa na ngozi nyembamba kama vali ndani ya njia ya mkojo inafunga mahali mkojo unataka kupita, na hiyo kitu haionekani kibofu kikiwa kimetulia, inaonekana tu wakati mkojo unakuja na nguvu. Pia kuna watoto mkojo hurudi kwa figo wakati huo tu wa kukojoa. Kwa hivyo ile ripoti yangu ya "sawa" ilikuwa imejibu nusu ya swali. Nilikasirika vile sijawahi. Si pesa, ni vile mtoto wangu alikuwa ameshikiliwa na watu wanne akalia bure.

Ndio tukatumwa hapa. Na hapa ndio nataka kuandika juu yake.

Kwanza kabla hata ya kubuk, yule dada wa simu aliniuliza kama kijana amepimwa mkojo na kama kalcha, ile ya kuotesha wadudu kwa maabara, imetoka safi. Hawafanyi kama kuna UTI bado, ju dawa inaweza kusukuma wadudu wapande juu kwa figo. Akaniuliza kama daktari ametuandikia antibayotiki ya kukinga, na kweli tulikuwa nayo ya siku 3, siku ya picha ikiwa ile ya katikati. Ile sehemu ingine hakuna mtu aliniuliza chochote, walitaka tu M-Pesa.

Bei hapa ni 9,500, nililipa yote mfukoni na ni pesa nyingi, sitasema uongo, nilikopa chama. Kama unategemea SHA, bima ya serikali, piga simu kwanza uulize, usifike ukiwa na matumaini.

Mtoto hakuambiwa akae njaa, alikunywa uji wake asubuhi. Hawamlazi na dawa ya usingizi pia, ju mtoto amelala hatakojoa wakimwambia.

Radiografa, yule wa kupiga picha, aliyetushughulikia ni kijana mtulivu sana. Kitu ya kwanza alifanya ni kuchuchumaa akaongea na mtoto, si mimi. Akamuita boss. "Boss, unajua kumwagilia maua? Leo tutajaza mkebe halafu wewe utamwaga." Akamwonyesha ile katheta, akamwacha aiguse, kumbe ni ule mrija laini mwembamba wa kulishia watoto wachanga. Halafu akageuka kwangu, akaniuliza kama kuna uwezekano niko na mimba, nikamwambia hapana, akanivalisha eproni ya risasi ya kuzuia miale, ile nzito inavuta mabega. Angekuta nina mimba angetaka baba yake aingie badala yangu. Na nikaona wao pia wamevaa kale kabaji ka kupima miale kifuani, na leseni ya KNRA imetundikwa mlangoni, hao ndio husimamia mashine za mionzi hapa Kenya. Mzazi angalia hiyo leseni popote unaenda, haichukui hata dakika.

Sista akapaka jeli ya ganzi akangoja. Nasema akangoja ju kwingine waliipaka na kuingiza hapo hapo. Katheta ikaingia na kijana alilia ndio, sitawadanganya ati hakulia, alilia kama dakika mbili akinishika shingo, halafu ikaisha.

Chupa ya dawa wakaitundika kwa stendi kama dripu, ishuke yenyewe pole pole. Hakuna sirinji hakuna kusukuma. Nikauliza mtajuaje amejaa, radiografa akanifundisha hesabu yao, unachukua miaka ya mtoto unajumlisha 2 unazidisha na 30, kwa hivyo wa miaka 3 ni kama mililita 150, na hiyo ni ya kukisia tu, wanaangalia pia vidole vya miguu, mtoto akianza kukunja vidole amejaa. Kweli bwana, kijana alianza kukunja vidole.

Mguu wa radiografa ulikuwa kwa pedali, anagusa anaachilia, anagusa anaachilia, skrini inawaka kidogo inazima na picha ya mwisho inabaki hapo. Akasema hivyo ndio mtoto anapata miale kidogo, hakuna haja ya kuwasha kama hakuna kitu kinaendelea.

Halafu ikafika wakati wa kukojoa na kijana akakataa.

Si kukataa kwa ukorofi, ni haya. Umelazwa kwa meza baridi, watu wazima wanne wanakuangalia, shosho amekufundisha usikojoe kitandani, sasa unaambiwa kojoa. Mimi nilianza kutokwa na jasho ndani ya ile eproni, nikiona tunaenda kuambiwa mpeleke choo. Hakuna aliyesema hivyo. Sista alifungua mfereji ukawa unatiririka. Hakuna kitu. Akaleta maji ya vuguvugu akamwagia kwa miguu na mapajani. Hakuna kitu. Mimi nikaanza ile sss sss sss ya kususisha mtoto, yule radiografa mwanaume mzima naye akaanza sss sss, sista naye, chumba chote. Nje watu wamejaa kwa foleni na mtu wa risepshoni alifungua mlango mara mbili kuangalia, radiografa alimwinulia mkono tu bila kugeuka. Dakika 25 kwa saa ya ukutani.

Alivyoanza, walikuwa tayari. Walikuwa wamemgeuza upande ili njia yote ionekane ju kijana ukimlaza tu chali hiyo njia inajificha, katheta ikatoka, pedali, pedali, pedali, na radiografa anamwambia mwaga boss mwaga, usiache maua. Na mimi nikaona kwa skrini. Mimi si daktari lakini niliona, sehemu ya juu ya njia ilikuwa pana imefura kama shingo ya chupa imegeuzwa, halafu ghafla inakuwa uzi. Radiografa hakusema kitu, nikamuuliza hiyo ni nini akaniambia "mama, wacha radiolojisti, daktari wa kusoma picha, aandike, lakini picha tumepata yote". Nilimheshimu kwa hiyo. Na kijana akapewa stika ya simba, bado iko kwa friji yetu.

Sasa lawama zangu. Mlango hauna kibao cha maana, unazunguka hilo jengo na mtoto mgongoni mpaka askari wa geti akuonyeshe. Lifti ilikuwa imeharibika na ni orofa ya 3. Tulibuk saa tatu tukaingia saa tano kasoro, na kumwambia mtoto wa miaka 3 angoja masaa mbili kwa kiti cha chuma ni kazi. Na ripoti niliambiwa jioni ikatoka kesho yake saa kumi baada ya kupiga simu mara nne, na mimi usiku huo sikulala. Hiyo ya ripoti jamani rekebisheni, mkisema kesho mtu atapanga roho yake ya kesho, lakini msiseme jioni.

Kuna mzee tuliketi naye kwa foleni, yeye alikuja kufanyiwa ile ingine ya watu wazima, IVU, ambayo dawa inadungwa kwa mshipa wa mkono halafu figo zenyewe zinaichuja na wanapiga picha kila baada ya dakika kadhaa ikishuka mpaka kibofu. Alikuwa amekula dawa ya kuendesha usiku, hajatia kitu tumboni, ametoka Kitengela na matatu ya alfajiri, halafu wakamwambia hawamfanyii ju hana kipimo cha damu cha kreatinini cha kuonyesha figo zinafanya kazi, na yeye ni mgonjwa wa sukari anakunywa metformini. Mzee alikasirika akawatolea maneno na nilimwonea huruma sana. Lakini walikuwa na haki, hiyo dawa inapita kwa damu na figo zikiwa chini inaweza kuziumiza zaidi, na metformini nayo huwa lazima waijue kabla. Kosa lao ni kwamba walifaa kumwambia hiyo kwa simu kama mimi nilivyoulizwa maswali yangu, si mpaka afike. Kwa watoto na MCU hiyo kreatinini hawakuniuliza, ju dawa inaingia kwa kibofu na kutoka, haipiti kwa mshipa.

Nyumbani kijana alilia mara mbili akikojoa siku hiyo, inachoma, na mkojo wa kwanza ulikuwa na rangi ya pinki kidogo nikashtuka lakini sista alikuwa ameniambia mapema itatokea na itaisha. Maji mengi, juisi, nikamkalisha kwa karai la maji ya vuguvugu akojoe humo ndani, hiyo ilisaidia kabisa. Waliniambia akipata joto nisingoje asubuhi. Hakupata.

Ripoti ilisema sehemu ya nyuma ya njia ya mkojo imepanuka, inaonekana kuna vali, na dawa ilipanda kwa figo ya kushoto, gredi 3 kati ya 5, wakati wa kukojoa. WAKATI WA KUKOJOA. Nilisoma hayo maneno mara kumi. Daktari wetu alisoma mara moja akachukua simu hapo hapo akapigia daktari wa upasuaji wa watoto. Wataingiza kamera ndogo akiwa amelala, wakihakikisha ni vali wanaikata humo humo bila kufungua tumbo. Tunaenda Jumanne ijayo.

Nyota 4, ya tano nimeshikilia ju ya ripoti na mzee wa Kitengela. Yule radiografa na sista wa asubuhi ya Alhamisi mimi nawapea 10 kama ingekuwepo.

Ukienda, beba suruali mbili za mtoto na taulo, beba picha zote za zamani hata kama ni mbaya, beba kitu anapenda (sisi tulibeba gari bila tairi). Itisha sidii si karatasi peke yake, daktari wa upasuaji aliitaka. Jumamosi wanafunga saa saba na mashine ya MCU hawawashi siku hiyo, kwa hivyo buk katikati ya wiki, na useme kwa simu kwamba mtoto ni wa kiume na unataka picha ya akikojoa.