Makumbusho ya vita njia ya Voi–Taveta: enda, lakini usiishie ndani ya chumba

Wacha nianze na jibu ndo wenye haraka waende zao. Kama unashuka Mombasa ama Tsavo na uko na gari, pinda Voi uingie barabara ya Taveta, huko kuna kajumba ka makumbusho ya Vita ya Kwanza ya Dunia, kadogo kweli, nusu saa umemaliza. Chumba chenyewe nakipea nyota tatu. Mzee anayetembeza wageni na ile nyika ya nje nawapea tano, na ningewapea sita kama zingekuwepo.

Tulitoka Nairobi alfajiri, mimi, binamu yangu mwenye gari na mjomba wetu ambaye vita hata hakuwa anajali, yeye alikuja juu aliskia Makindu kuna chakula cha bure. Na ni ukweli, pale kwa hekalu la Masingasinga wanalisha kila msafiri, unavua viatu, unafunika kichwa, unaketi chini na wenzako, hakuna anayekuuliza wewe ni nani. Mjomba alirudia chapati mpaka binamu akaanza kuangalia saa. Baada ya hapo ni Mtito Andei, malori, malori, malori, halafu Voi. Jazeni mafuta Voi, mnunue maji pia, mengi kuliko vile mnafikiria.

Ukishapinda kulia mambo yanabadilika polepole. Mwatate bado kuna kijani, mashamba ya mkonge na milima ya Taita pale juu imebeba mawingu, ukipita Bura kuelekea Maktau ndo unaingia jangwa lenyewe, vumbi nyekundu, miiba, mibuyu, joto la kukukausha mate mdomoni. Kando ya barabara kuna reli, usiipite tu hivi hivi. Waingereza walianza kuijenga 1915 kutoka Voi kwenda upande wa mpaka wa koloni la Wajerumani, Tanzania ya leo, kwa sababu jeshi halingevuka hii nyika bila maji na chakula kubebwa nyuma yake. Wajerumani walikuwa wameshika Taveta tangu Agosti 1914, ndani ya Kenya yetu hii, na wakakaa hapo mpaka Machi 1916. Vikosi vyao vidogo vilikuwa vinavuka pori usiku vikitega baruti kwa reli ya Mombasa. Mimi nimesoma historia mpaka fomu foo na hiyo kitu sikuwahi ambiwa, tulikuwa tunakariri mkutano wa Berlin.

Sasa makumbusho. Ukiingia ni meza na kabati za vioo, ramani ukutani, picha nyeusi na nyeupe, ganda za risasi, vifungo vya sare, chupa, vipande vya mabomu, makopo ya nyama yenye kutu. Maelezo yote ni ya Kiingereza, mengine yamepigwa na jua mpaka herufi zimeisha, na ningeingia peke yangu ningetoka baada ya dakika kumi nikisema nimeona vyuma. Lakini mzee alichukua ganda moja akanipea mkononi, akaniambia washa tochi ya simu uangalie kitako. Nikaona herufi ndogo zimegongwa duara na mwaka, 1915. Halafu akatuonyesha kopo la nyama lililofunguliwa kwa kudungwa kisu mara nyingi mzunguko mzima, kingo zote zimepinda ndani kama meno. Yaani kuna mtu alikuwa na njaa na hakuwa na wakati. Mjomba ndo aliishika hiyo kopo muda mrefu kuliko sisi wote.

Chumba kikiisha usirudi kwa gari ukasema imetosha. Omba mzee apande na nyinyi mwende mpaka kilima cha Salaita, karibu na Taveta. Ukikiona utacheka, ni kakilima tu, kamelala chini pale kwa tambarare. Tarehe 12 Februari 1916 wanajeshi wa Afrika Kusini, wageni kabisa kwa hii vita, walitumwa wakiteke. Mizinga ikapiga kileleni asubuhi, kumbe mahandaki ya Wajerumani yalikuwa huku chini kwa miguu ya kilima, yamefichwa na vichaka, na ndani yake askari Waafrika wa von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, wakingoja. Ukisimama pale barabarani unaona wazi vile ilikuwa, hakuna mahali pa kujificha ila hivyo vichaka vya miiba. Hao wa Afrika Kusini wakapigwa wakarudi nyuma mbio, na waliowakinga ni kikosi cha Baluchi cha jeshi la India, ambacho hao hao walikuwa wanakidharau na kukitukana. Inasimuliwa kwamba Wabaluchi waliokota bunduki zilizoachwa wakawarudishia na kijikaratasi cha kuwaomba waache matusi. Binamu alicheka hiyo stori mpaka Taveta.

Ukipata nafasi pitia pia makaburi ya Voi. Kuna Dartnell pale, luteni kutoka Australia, alipigwa mguu karibu na Maktau Septemba 1915, wakati wanambeba akaona majeruhi wengine hawawezi kubebwa akaamuru aachwe nao, akafia hapo. Alipewa Msalaba wa Victoria, nishani ya juu kabisa ya ushujaa ya Waingereza. Jiwe lake liko, jina liko, nyasi imekatwa.

Na hapa ndo nina shida na haya makumbusho. Wapagazi wamepewa kibao kimoja tu pembeni, karibu na mlango, unaweza kupita usikione. Hawa ndo walibeba kila kitu, risasi, unga, mizinga vipande vipande, wengi wao walichukuliwa kwa nguvu vijijini, na walikufa makumi ya maelfu, wengi kwa kuhara, malaria na njaa kuliko risasi. Tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilikubali 2021 kwamba Waafrika wengi hawakuwekewa majina popote, ikaomba msamaha. Kila siku napita pale Kenyatta Avenue, Nairobi, kwa zile sanamu tatu za shaba, zimesimama hapo tangu 1928, maandishi yake yanawaita wapagazi miguu na mikono ya jeshi. Sasa miguu na mikono unaiwekea kibao cha saizi ya menyu ya hoteli? Nilimwambia mzee, akasema hata yeye ameongea mpaka amechoka, ndo maana habari zao anazisimulia mwenyewe kwa mdomo, na anazisimulia kwa Kiswahili, na ile saa yake moja ilinifaa kuliko ukuta mzima wa ramani.

Mengine ya haraka. Lipeni kwa M-Pesa ama mbebe pesa mkononi, kadi sahau. Mzee hana bei, mpeeni kitu ya maana, si sarafu. Usiokote ganda la risasi ukaweka mfukoni, lazima utaona moja chini na mkono utawasha, liache. Watoto wadogo watachoka kwa chumba lakini Salaita wataruka ruka sawa tu. Barabara ni lami nzuri ila inapita katikati ya Tsavo na ndovu hawajui zebra ya kuvukia barabara, kwa hivyo usiendeshe usiku. Na mkiweza mfike Taveta Jumatano ama Jumamosi, siku za soko, ndizi huko ni za bei ya kutupa, sisi tulirudi Nairobi mjomba amepakata mkungu kiti cha nyuma.