Basi lao ni safi, lakini saiti ya kukata tiketi inadai mambo mengi mno

Kwa barabara hawa watu wa basi la Kisumu kwenda Nairobi sina neno nao. Basi linatoka Kisumu saa waliyosema, dereva ana heshima kwa zile kona za Kericho, siti zinalala vizuri, na Nakuru wanasimama muda wa kutosha mtu aende choo na anunue chai. Shida ni saiti.

Ukifungua tu kwa simu kidirisha kinaruka juu kukwambia pakua apu, na ile eksi ya kukifunga ni ndogo kama chawa, ukiikosa unatupwa Play Store, ukirudi siti ya dirisha uliyochagua imeshapotea unaanza upya na bando ndio hiyo inaisha. Halafu wameweka saa inahesabu dakika kurudi nyuma ulipe haraka, sasa mtu atasoma saa ngapi anachokubali?

Hapo ndipo mimi huumia. Jina, namba ya simu, hata kitambulisho naelewa, ajali ikitokea, Mungu aepushe, lazima ijulikane nani alikuwa ndani. Lakini tarehe ya kuzaliwa ni ya nini? Imeli nayo ni lazima na mamangu hana, kwa hivyo nikimkatia yeye naweka yangu. Apu ndio mbaya zaidi, inataka lokesheni na namba zote ulizosevu, jameni namba ya shangazi yangu Siaya na siti ya Nairobi vinahusiana wapi? Chini kabisa kuna kisanduku cha kukubali matangazo, tayari kimewekwa tiki kwa rangi hafifu, na tangu nilipe meseji za ofa haziishi, hata usiku.

Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 iko wazi, kifungu cha 25 kinataka ichukuliwe data inayohitajika peke yake na cha 37 kinakataza kuitumia kibiashara kama mwenyewe hajakubali waziwazi. Tiki niliyowekewa na mtu mwingine si kukubali kwangu. Na watu wanaadhibiwa kweli, 2023 Casa Vera Lounge ya Nairobi ilipigwa faini ya shilingi 1,850,000 na ofisi ya Kamishna wa Data kwa kuweka picha ya mteja mtandaoni bila ruhusa yake.

Ushauri wangu, kama uko karibu na steji nenda ofisini. Dada wa kaunta anaandika jina, simu na kitambulisho, unalipa M-Pesa, anakupea risiti umemaliza, kumbe hayo mengine hata hawayahitaji! Kama ushaweka apu ingia setingi za simu uinyime lokesheni na namba zako, na kwa laini ya Safaricom piga *456*9*5# kuzuia meseji za matangazo.

Basi nyota tano, saiti nyota moja. Wakiondoa swali la tarehe ya kuzaliwa, imeli ikawa hiari na hiyo tiki wakaniachia niweke mwenyewe, nitarudi hapa niongeze.